Mtoto wa Kuasili na Afya Yake: Somo kwa Watumishi wa Afya na Familia za Kikristo Mkoani Katavi

Utangulizi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 1,152,958, idadi inayozidi mara mbili ya ile ya mwaka 2012. Mkoa huu umepokea watu kutoka kila upande: wafugaji na wakulima waliotoka kaskazini, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na familia zenye asili ya Burundi zilizofika miaka ya 1970 na kukaa Katumba na Mishamo. Penye uhamaji mkubwa wa namna hiyo, ndugu hukaa mbali, na mtoto anapopoteza mzazi si kila mara bibi au mama mdogo huwa jirani wa kumpokea.

Jambo la pili ni umri wa wazazi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko cha mkoa mwingine wowote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Baadhi ya watoto wanaozaliwa katika hali hiyo hujikuta bila mlezi. Wakati huohuo, katika makanisa ya Mpanda na vijiji vyake wapo wanandoa wanaotamani kumlea mtoto, wengine kwa kukosa uzazi, wengine kwa wito wa imani.

Somo hili linaeleza jinsi watoto na wanandoa hao wanavyoweza kukutanishwa kwa njia salama kwa afya ya mtoto, halali kwa sheria, na yenye heshima kwa mama aliyemzaa.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, mtumishi wa afya aweze kueleza hatua za kuchukua mtoto anapoachwa au kufiwa na mama kituoni, na kutaja vipimo ambavyo kila mtoto anayeingia katika familia mpya anapaswa kufanyiwa. Mzazi wa kuasili aweze kutofautisha malezi ya kindugu, malezi ya kambo na kuasili, kutambua mahitaji ya kihisia ya mtoto, na kujua pa kupata msaada.

Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Haumhusu mtu yeyote halisi.

Wanandoa wa mjini Mpanda, waumini waliokaa katika ndoa miaka kumi na mmoja bila mtoto, walisikia kwa mwanajumuiya mwenzao habari za mtoto mchanga kijijini. Mama yake, msichana wa miaka kumi na saba, alifariki siku chache baada ya kujifungua. Bibi wa mtoto, mzee asiye na uwezo, aliwakabidhi mtoto mbele ya mashahidi wawili. Hapakuwa na kadi ya kliniki, wala aliyeuliza marehemu alipimwa nini wakati wa ujauzito. Baada ya miezi mitatu mtoto alibatizwa, na wazazi wakatunza cheti cha ubatizo kama ushahidi kwamba ni wao.

Akiwa na miezi kumi na minne, mtoto alivimba vidole vya mikono na miguu. Wapo walioshauri maombi pekee, na juma moja likapita. Alipofikishwa hospitali alikuwa na homa, macho ya manjano na upungufu mkubwa wa damu. Daktari aliuliza: kuna historia ya selimundu katika ukoo? Mama alipimwa Virusi vya Ukimwi? Mtoto alipata chanjo zipi? Ni nani mwenye mamlaka ya kusaini ridhaa ya kuongezewa damu? Wazazi wale walijua kila kitu kuhusu usingizi wa mtoto wao na chakula akipendacho, lakini hawakuwa na jibu hata moja la maswali hayo.

Mtoto aliongezewa damu na akapona, kwa kuwa katika dharura uhai wa mtoto haungoji hati. Hata hivyo, maswali ya daktari yalistahili kuulizwa miezi kumi na minne mapema. Somo lote linajengwa juu ya maswali hayo.

Maneno matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Malezi ya kindugu ni yale ya bibi, shangazi au baba mkubwa kumchukua mtoto wa ukoo. Ni desturi ya kale, na watoto wengi wasio na wazazi nchini hulelewa hivyo.

Malezi ya kambo, kwa maana ya kisheria, ni mtoto kukabidhiwa kwa familia iliyochunguzwa na kukubaliwa na mamlaka ya ustawi wa jamii, kwa muda, chini ya usimamizi. Mlezi hana haki zote za mzazi.

Kuasili ni amri ya mahakama inayomfanya mtoto kuwa wa familia mpya kwa haki zote, kama aliyezaliwa humo. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 ndiyo inayoongoza jambo hili Tanzania Bara. Kwa kawaida maombi huanzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anayeitembelea nyumba na kuandika taarifa. Kibali kikitolewa, mtoto hukaa na familia kwa kipindi cha malezi ya kambo, ndipo maombi yanapopelekwa Mahakama Kuu. Miongoni mwa masharti, mwombaji asiye ndugu wa mtoto anatakiwa awe na umri wa miaka 25 au zaidi na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Amri ikitolewa, mtoto huandikishwa katika rejista ya watoto walioasiliwa na kupata cheti.

Makubaliano mbele ya mashahidi, barua ya mtaa, na hata cheti cha ubatizo havichukui nafasi ya amri hiyo. Upungufu huu huonekana siku ya msiba. Baba mlezi akifariki, ndugu zake wanaweza kusema mtoto ni wa kuokota na hana sehemu katika mirathi, na mama mjane akashindwa kuonyesha karatasi yoyote ya kuwajibu. Upendo wa miaka mingi usioandikwa mahali popote hauwezi kumlinda mtoto mbele ya sheria.

Saa za kwanza wodini

Mara nyingi mtumishi wa afya ndiye wa kwanza kujua kwamba mtoto hana mlezi. Huenda muuguzi mkunga akafahamu pia wanandoa wema wanaosali naye kanisa moja, na nia ya kuwaunganisha ikaonekana kuwa tendo la huruma. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto akitolewa wodini kwa siri, mama yake anaweza kurudi baada ya siku tatu akiwa ametulia, asimkute. Aidha, njia ile ile inayotumiwa na mwenye nia njema inaweza kutumiwa na mwenye nia ya kumuuza au kumtumikisha mtoto.

Hatua sahihi ni hizi. Kwanza, mtoto atunzwe kitabibu: joto, lishe, chanjo na uangalizi. Pili, mganga mfawidhi ajulishwe na taarifa iandikwe. Tatu, ofisa ustawi wa jamii aitwe; na kwa mtoto aliyetupwa au aliyeachwa, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe. Nne, taarifa zote za mama na uzazi zihifadhiwe. Tano, hakuna mtumishi anayepaswa kupokea fedha, zawadi wala ahadi kwa ajili ya mtoto, hata ikiitwa sadaka au shukrani.

Msichana anayesema hamtaki mtoto wake asihukumiwe wala asiharakishwe. Siku za mwanzo baada ya kujifungua zina maumivu, uchovu, na kwa wengine sonona. Huenda anaogopa baba yake au kufukuzwa nyumbani, na hofu hiyo ikapungua akipata mtu wa kumsikiliza. Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi unasisitiza kwamba ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa tu, kwa hiari na bila malipo. Msingi huo unafaa pia ndani ya wodi ya wazazi ya hapa. Familia ya kwanza ya kutafutiwa mtoto ni ile aliyozaliwa humo.

Uchunguzi wa kwanza wa afya

Kila mtoto anayeingia katika familia mpya afikishwe kituo cha afya mapema iwezekanavyo, hata akionekana mzima. Uchunguzi ujumuishe mambo yafuatayo.

Virusi vya Ukimwi. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 18, kipimo cha kawaida cha damu huonyesha kinga alizopata kwa mama, hivyo hakiwezi kuthibitisha kwamba mtoto ameambukizwa. Hutumika kipimo kinachotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe. Kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, kipimo hicho hufanywa kwa kawaida katika wiki ya 4 hadi ya 6, hurudiwa akiwa na miezi 9, na hali ya mwisho huthibitishwa akifikisha miezi 18 au baada ya kuacha kunyonya. Dawa za kinga zinapohitajika huanza mara baada ya kuzaliwa, kwa hiyo kila siku inayopotea ina gharama. Mtoto mwenye maambukizi akianza mapema dawa za kufubaza virusi, anaweza kukua, kusoma na kuzeeka.

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Familia ya damu huonywa na historia ya ukoo. Familia ya kuasili haina onyo hilo, kwa hiyo kipimo kinachukua nafasi yake. Kuvimba vidole kwa mtoto mdogo ni dalili ya awali inayotambulika. Mtoto akigunduliwa mapema hupewa penisilini ya kinga, chanjo kamili, ulinzi dhidi ya malaria na, kwa ushauri wa daktari, dawa ya haidroksiurea.

Kaswende na homa ya ini aina ya B. Zote huweza kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Majibu ya mama yakikosekana, mtoto achunguzwe.

Lishe na ukuaji. Uzito, urefu na mzunguko wa kichwa vipimwe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa juu ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa hiyo mtoto mfupi kwa umri wake asidhaniwe tu kuwa na asili ya ufupi.

Chanjo na malaria. Pasipo kadi, ratiba ya chanjo ipangwe upya kwa umri wa mtoto. Kurudia chanjo kwa maelekezo ya kituo ni salama kuliko kukisia kwamba alipata. Chandarua chenye dawa kiwe tayari kabla ya mtoto kufika nyumbani.

Swali la usiri hujitokeza hapa. Mama aliyemzaa mtoto ana haki ya siri ya ugonjwa wake, akiwa hai au amekufa. Mlezi halali naye anahitaji kujua mtoto alikuwa katika hatari gani ili amtunze. Njia ya kati ni kumpa mlezi muhtasari wa afya ya mtoto: wiki za ujauzito, uzito wa kuzaliwa, dawa alizopewa, vipimo alivyofanyiwa na vinavyosubiriwa. Jina la mama na mambo yake mengine yabaki katika jalada. Habari hizo zisiwe ombi la kutangazwa kanisani.

Kumlisha mtoto asiye na mama

Mtoto aliye chini ya miezi sita asiyepata maziwa ya mama huhitaji maziwa ya kopo ya watoto wachanga wa umri wake. Maziwa ya ng'ombe peke yake, uji mwepesi au maji ya glukosi havimtoshi. Maji yachemshwe, kipimo cha kopo kifuatwe bila kupunguza unga ili kubana matumizi, na kikombe safi kitumike badala ya chupa, kwa kuwa chupa ni vigumu kuisafisha na huleta kuhara. Ndugu akijitolea kumnyonyesha, apimwe VVU kwanza na aendelee kupimwa kwa ratiba ya kliniki. Gharama ya maziwa ya kopo ni mzigo mzito, na hapo jumuiya ya kanisa inaweza kusaidia kwa uhakika: kopo moja kila juma kutoka kwa familia tofauti lina thamani kuliko mchango mmoja mkubwa siku ya ubatizo.

Mfungamano wa kihisia

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda miaka ya 1954 na 1955, akawafuatilia akina mama na watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona jinsi mtoto anavyomtumia mlezi wake kama kituo cha usalama: humwacha kidogo kwenda kuchunguza mazingira, kisha humrudia. Kitabu chake cha mwaka 1967 kilichotokana na kazi hiyo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya mfungamano wa mtoto na mlezi duniani kote.

Utafiti wa Bucharest nchini Romania, ulioanza mwanzoni mwa karne hii, uliongeza ushahidi. Watoto 136 waliokuwa katika makao ya kulelea watoto waligawanywa kwa kura. Nusu yao wakapelekwa katika familia za malezi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Makao ya watoto, hata yakiendeshwa kwa moyo wa ibada, hayawezi kumpa mtoto mtu mmoja anayemrudia kila siku.

Mtoto aliyewahi kupoteza walezi anaweza kuficha chakula chini ya godoro, kukojoa kitandani akiwa mkubwa, kumng'ang'ania kila mgeni, kukataa kukumbatiwa, au kuwa mkimya mno. Wazazi wengi huona hayo kuwa utovu wa shukrani, na wengine huona ni mapepo. Tabia hizo ni kumbukumbu ya mwili wa mtoto kuhusu njaa na kuachwa. Fimbo huthibitisha hofu yake kwamba wakubwa si wa kutegemewa. Dawa yake ni ratiba isiyobadilikabadilika, chakula kwa saa zilezile, mlezi mmoja au wawili wa karibu katika miezi ya mwanzo, na sauti ya upole hata wakati wa kumrekebisha. Wageni wa kumpongeza mama wapokee chai, lakini mtoto asipitishwe mikononi mwa watu ishirini.

Mtoto anayekakamaa, kupoteza fahamu au kutoa povu mdomoni afikishwe hospitali mara moja. Hiyo huweza kuwa degedege ya malaria, homa ya uti wa mgongo au kifafa. Maombi na matibabu havishindani. Familia inaweza kuomba ikiwa njiani kwenda hospitali.

Wazazi nao wana moyo wa kutunzwa. Waliopitia miaka ya kukosa mtoto huenda bado wanaomboleza, na kuwasili kwa mtoto hakufuti huzuni hiyo kwa siku moja. Mama wa kuasili anaweza kupata sonona kama mama aliyejifungua, na akaona aibu kuisema kwa kuwa watu wote wanamtarajia afurahi. Mtumishi wa kliniki amuulize kwa upole usingizi wake, hamu yake ya kula na hali ya moyo wake.

Ukweli kuhusu asili ya mtoto

Neno kuasili lina neno asili ndani yake, na asili ya mtoto haifutwi na amri ya mahakama. Familia nyingi hutaka kuficha. Mjini Mpanda, ambako wengi hufahamiana sokoni na kanisani, siri hiyo ni vigumu kudumu. Mtoto huisikia kwa mwenzake shuleni, katika ugomvi, kwa maneno ya kejeli. Ni afadhali aisikie kwa wazazi wake, kwa maneno yanayolingana na umri wake, huku wakati na namna ya kumweleza vikipangwa kwa ushauri wa ofisa ustawi wa jamii na kwa maslahi ya mtoto. Picha, jina la kwanza alilopewa, au kitenge alichofunikwa siku ya kwanza, vitunzwe. Mama aliyemzaa asitukanwe kamwe mbele yake, kwa maana mtoto hujua kwamba sehemu ya damu yake imetukanwa.

Nafasi ya kanisa

Kanisa Katoliki Jimbo la Mpanda, lililoundwa mwaka 2000, Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ziwa Rukwa, Wamoraviani, Waadventista na makanisa ya Kipentekoste yana kitu ambacho hospitali haina: watu wanaokutana kila juma na kujuana kwa majina. Maandiko yenyewe yanamtaja Musa aliyelelewa na binti Farao na Esta aliyelelewa na Mordekai. Hakuna muumini anayehitaji kuona aibu kwa kulea mtoto asiyemzaa. Kazi tano ziko ndani ya uwezo wa kila usharika na parokia.

Ya kwanza ni kuuliza, kabla ya ubatizo au kubariki mtoto wa kulea, kama ofisa ustawi wa jamii anamfahamu mtoto huyo. Ya pili ni kuzikutanisha familia zilizoasili mara moja kwa mwezi, wazoefu wawasaidie wapya. Ya tatu ni kuchangia nauli ya kliniki na ya mahakamani. Toka Mishamo au Mpimbwe hadi mjini si safari ndogo. Ya nne ni kuwafundisha waumini kuacha maneno kama mtoto wa kuokota na mgumba. Ya tano ni kumtunza pia msichana aliyezaa na kubaki peke yake. Wakati mwingine mtoto hahitaji familia mpya; mama yake ndiye anayehitaji chumba, chakula na mtu wa kumshika mkono.

Mahali pa kupata msaada

Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiyo mlango wa kwanza, iwe Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele au Mpimbwe. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupokea taarifa za ukatili na maswali ya malezi bila malipo. RITA huhusika na usajili wa vizazi na wa watoto walioasiliwa. Kliniki ya afya ya uzazi na mtoto hufuatilia ukuaji na chanjo, na kwa sera ya nchi huduma kwa walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma ni bila malipo. Kliniki ya tiba na matunzo huwahudumia watoto wenye VVU. Mgonjwa anayehitaji ubingwa zaidi hupewa rufaa kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa.

Maswali ya kujipima

1. Muuguzi anaombwa na mwanakwaya mwenzake amsaidie kupata mtoto aliyeachwa wodini. Afanye nini katika saa ile ile, na amjibu nini mwenzake bila kumvunja moyo?
2. Kwa nini kipimo cha kawaida cha VVU hakitoshi kwa mtoto wa miezi mitano?
3. Mtoto wa miaka minne aliyefika nyumbani miezi miwili iliyopita anaficha ugali chini ya mto. Wazazi washauriwe nini?
4. Cheti cha ubatizo kinathibitisha nini, na hakithibitishi nini?

Hitimisho

Wazazi wa mfano wetu waliporuhusiwa kutoka hospitali walipewa vitu vitatu: kadi mpya ya kliniki, tarehe ya kurudi kwa ajili ya selimundu, na barua ya kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii. Waliogopa hiyo ya tatu, wakidhani watanyang'anywa mtoto. Mtumishi aliyewaandikia aliketi nao, akawaeleza kwamba kazi ya ofisa huyo ni kuchunguza lililo bora kwa mtoto, kwamba bibi yake atasikilizwa, na kwamba safari hiyo itakuwa ndefu. Hakuwaahidi matokeo. Aliwaambia tu kwamba kila mwezi wanaochelewa ni mwezi ambao mtoto anaishi bila ulinzi wa sheria.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kulea huko kunaanza kwa kupima damu, kuandika jina katika rejista, na kumshika mtoto usiku anapoamka akilia kwa sababu asiyoweza kuisema. Mtumishi wa afya, mchungaji na mzazi wakifanya kila mmoja sehemu yake, mtoto hatalazimika kuchagua kati ya kupendwa na kuwa salama.